Émérance na Mashini Zinazojizima

Émérance Nabintu alikuwa na mgongo mbovu na kichwa kigumu, na kati ya hivyo viwili kilichomchosha ni mgongo. Kichwa alikwisha kukizoea tangu utoto wake.

Miaka kumi na mitatu alikaa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na miaka yote hiyo alilima. Hakulima shamba lake, maana kipande alichopewa kilikuwa mawe matupu, kikampa maharage ya kujaza sufuria moja kwa msimu. Alilima mashamba ya watu. Asubuhi jembe begani, mchana jua la kisogo, jioni anarudi ameshika kiuno kama mwenye mimba ya miezi tisa, na mimba yake ya mwisho aliibeba kwao Uvira, enzi za marehemu mumewe. Mtu aliyemwona akipita na jembe asingejua kwamba mwanamke yule alikaa miaka kumi na sita kwenye kiti kinachozunguka, ndani ya ofisi ya kupiga barua, karibu na soko la Uvira. Alianza na taipureta. Kompyuta zilipofika, bosi wake hakutaka kulipa fundi, akamwambia, “Fungua wewe mwenyewe, Mama Émérance, ikiharibika imeharibika.” Akafungua. Akapuliza vumbi. Vile vikadi vya ndani akavisugua kwa kifutio cha mtoto wa shule, akavirudisha, mashini ikaamka. Tangu siku ile kila mashini iliyougua mtaa ule ililetwa kwake, na yeye hakuwahi kumwambia mtu asante kwa kumwamini, kwa sababu aliona ni haki yake.

Halafu vita. Hayo kila mtu wa Kashojwa anayajua, hayana haja ya kurudiwa.

Sasa, karibu na Base Camp, penye soko na ofisi za kambi, kulikuwa na shule, na mkuu wa shule aliitwa Mwalimu Nasani, Mnyankole mwenyeji, mrefu, mpole, asiyependa kelele. Wafadhili walikuwa wamempa kompyuta kumi, zile kubwa za kuweka mezani. Akazipanga katika chumba cha mabati kisicho na dari. Mwaka haukuisha, zote kumi zikajifunza tabia moja: unaiwasha, inafanya kazi vizuri, baada ya nusu saa au saa nzima feni yake inaanza kulia kama ndama aliyeachwa na mama, kisha kioo kinakuwa giza. Imejizima. Wanafunzi wakakiita kile chumba mochari, nyumba ya maiti.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Émérance alikuwa kibarua kwenye bustani ya shule, anapalilia maharage chini ya dirisha la ofisi. Akamsikia Mwalimu Nasani akiongea kwa simu: Ijumaa lori litoke Mbarara, lije libebe vyuma vyote kumi, yeye amechoka.

Émérance akaweka jembe chini. Akaingia ofisini na matope yake miguuni.

“Mwalimu, hizo mashini hazijakufa. Ziko na joto.”

“Nyabo,” akasema Nasani, ndiyo kusema mama kwa lugha ya kwao, “hapa Nakivale kila mtu ana joto.”

“Sichezi. Dawa ya ndani imekauka. Nipe moja niifungue.”

“Wewe umesomea wapi mambo ya kompyuta?”

“Uvira.”

“Cheti iko wapi?”

“Cheti iliungua pamoja na nyumba. Mimi sikuungua.”

Mwalimu akamtazama, akayatazama yale matope sakafuni, akatazama tena uso wake. Alikuwa mtu wa haki, ila alikuwa amedanganywa na mafundi wanne kabla ya huyu, na wote wanne walikuwa na vyeti.

“Kale, sawa,” akasema. “Chukua moja. Ijumaa saa mbili asubuhi tunaiwasha mbele yangu. Saa kumi na moja jioni izimwe na mkono wa mtu. Ikijizima yenyewe, hata mara moja, zote zinapanda lori. Isipojizima, lori linarudi, na chumba kinakuwa chako. Utakaa mle, utaangalia mashini, utafundisha watoto kuandika barua, na mshahara wa msaidizi utakuja kwa jina lako.”

Neno la mshahara Émérance hakulisikia vizuri. Alisikia “utakaa”.

Akamaliza kwanza mstari wake wa maharage, maana alikuwa ameuanza, kisha akaingia mochari.

Ndani ya kompyuta kuna kijiwe cha mraba, kama kipande cha biskuti, kinaitwa prosesa. Hicho ndicho kinachofikiri, na kwa kufikiri kwake kinapata moto. Juu yake kimekaa chuma chenye mapezi mengi, na juu ya chuma kuna feni. Kazi ya chuma ni kunyonya ule moto, kazi ya feni ni kuupuliza nje. Lakini chuma na kijiwe, hata ukivisugua ving’ae namna gani, havigusani sawasawa. Katikati hubaki vitundu visivyoonekana kwa macho, na ndani ya vitundu hukaa hewa, na hewa haipitishi moto. Ndiyo maana hupakwa dawa ya kijivu, laini kama malai, kuviziba. Ile ya shule, chini ya mabati yale, ilikuwa imekauka ikapasuka kama udongo wa ukutani. Émérance aliikwangua kwa ukucha, ikadondoka vipande vipande.

Dawa yenyewe inatoka Mbarara, au Kampala. Mafundi wote wa Base Camp, wa simu na wa redio, wana dawa yao nyingine: dawa ya meno. Inauzwa kila kibanda, ni laini, ni baridi mdomoni, na mtu wa kambini akishaona kitu kinafanya kazi ya kingine hatafuti tena kile kingine. Émérance naye akapaka dawa ya meno. Mashini ikawaka, ikakaa mpaka jioni bila kulia. Akaenda nyumbani akamwambia jirani yake Eugénie, ambaye alitoka naye Uvira kwa miguu, “Sasa jembe utalichukua wewe. Mimi nimepata fasi ya kukaa.”

“Usicheke kabla chungu hakijaiva,” akasema Eugénie. “Leo ni Jumatatu tu.”

Jumanne saa tatu asubuhi feni ikalia. Saa tatu na robo, giza. Émérance akafungua akakuta ile dawa ya meno imekuwa unga mweupe, mkavu kama unga wa muhogo, na chumba chote kinanukia kinywa kilichopigwa mswaki. Akavaa kitenge cha kutokea, akaenda Mbarara.

Ng’ambo ya mto Rwizi, huko Nyamitanga, kulikuwa na kibanda cha mwanajeshi mstaafu aliyeitwa Bob. Jeshini alikuwa mtu wa redio, na alipotoka akaendelea na waya zake hapo, huku mkewe Shanitah akiuza chai na chapati mlango huohuo, kwa hiyo mtu alikuja na redio mbovu akaondoka ameshiba hata kama redio haikupona. Émérance akaeleza shida yake. Alipofika kwenye dawa ya meno, Bob akapiga paja.

“Shanitah! Njoo sikia! Hii mama imepigisha kompyuta mswaki!”

“Ilikuwa inanuka mdomo?” akauliza Shanitah toka kwenye chapati.

Émérance akasimama wima, akangoja wamalize. “Mukimaliza kucheka munaweza kuniuzia?”

“Pole, nyabo, pole. Kaa. Shanitah, pa yeye chai.” Bob akatoa kibomba cha plastiki, kama bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kuliko kidole cha shahada. “Hii ndio dawa. Sasa sikia kama mwanajeshi. Moja: safisha, toa yote ya zamani, na spirit, hapana maji. Mbili: weka hii katikati, kidogo. Kidogo! Kama mchele moja.”

“Punje moja?”

“Moja. Tatu: weka chuma juu, kaza skurubu. Hii kidogo, halafu ile ya kona ingine, halafu hii, halafu ile. Kama msalaba. Halafu kaza nguvu, mpaka mwisho. Ile dawa itajipanga yenyewe. Umesikia?”

“Nimesikia. Mimi si mtoto.”

“Watu ya kwenu yote inasema nimesikia,” akasema Bob, “halafu inarudi hapa.”

Neno hilo lilimchoma. Akanywa chai yake mpaka chini, akalipa, akaondoka bila kugeuka. Na njiani, tangu Nyamitanga mpaka kambini, aliligeuza neno la punje moja ya mchele akaliona halina maana. Yeye ni mama wa Kivu. Mtoto wa Kivu akienda kanisani Jumapili hupakwa mafuta mpaka magoti yanawaka kama sahani; ukimpaka kidogo watu watasema kwake hakuna mafuta, au mama yake ana roho mbaya. Mgeni akija unampakulia ugali mpaka anakataa. Katika maisha yake yote Émérance hakuwahi kuona kitu kilichoharibika kwa kupewa cha kutosha. Aliona vilivyoharibika kwa kunyimwa. Yule mwanajeshi, akafikiri, amezoea kugawa risasi.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi, alipokwisha kukwangua ule unga mweupe kadiri ukucha ulivyoweza, akaikamua dawa ya Bob juu ya prosesa akaipaka kwa kidole, pande zote, nene, laini, kama anampeleka kanisani. Ilipendeza kuiona. Akaweka chuma juu yake, na alipofika kwenye skurubu akaona dawa inaanza kuchungulia pembeni. Akaionea huruma. Akakaza kwa vidole tu, polepole, asije akaikamua yote ikapotea.

Akawasha. Dakika ishirini, feni inalia. Dakika thelathini, giza. Hata dawa ya meno ilikuwa na heshima zaidi.

Aliketi mbele ya kile kioo cheusi akajiona humo, mwanamke mzee mwenye kijivu kwenye kidole, kwenye kitenge na kwenye shavu. Mgongo ulimuuma kama kawaida, lakini leo na mabega nayo. Mwalimu Nasani akapita dirishani, akaona giza, akaendelea na safari yake kama hakuona, na huo upole wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko cha Bob.

Akafungua. Uchafu mtupu. Kijivu kimechanganyika na mabaki ya unga mweupe, kimeshuka mpaka pembeni mwa prosesa, na kikikaa hapo mashini yenyewe itakufa kifo cha kweli. Ilihitaji spirit. Akaenda zahanati, wakamwambia spirit ni ya vidonda vya watu, kompyuta haina foleni. Hapo wana haki. Akauliza mafundi wa simu, nao wakamwonyesha wanavyosafisha kwa mate yao. Basi kilibaki kitu kimoja tu Kashojwa nzima kinachosafisha na kukauka bila kuacha maji, na kitu hicho kilipikwa kwa Nyiransengimana.

Nyiransengimana alipika kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Na Émérance alikuwa shemasi wa kanisa la Mchungaji Modeste, kanisa ambalo mtu akinunua kanyanga, au akionekana tu na chupa yake, huwekwa benchi la nyuma, haimbi, hahudumu, mpaka asimame mbele ya watu na kutubu. Sheria hiyo Émérance alikuwa ameinyooshea mkono yeye mwenyewe. Alikwisha kuwapeleka benchi la nyuma wanawake watatu.

Angeweza kutuma mtu. Angeweza kwenda kwa njia ya nyuma, kupitia migomba. Akapita barabarani, saa sita mchana, na chupa tupu mkononi.

Wanywaji walikuwa wanne, wamekaa kwenye gogo. Walipomwona wakaficha vikombe, kama wamefumaniwa.

“Shemasi!” akasema mmoja. “Umekuja kutuombea?”

“Sogea, nipite.”

“Jamani mupishe shemasi! Ibada inaanza!”

“Nyiransengimana,” akasema Émérance, “nipe ile ya kwanza kutoka. Ile kali. Hii ya kuchanganya na maji wape hawa.”

Gogo zima likapiga kelele. Nyiransengimana, mwanamke mnene asiyecheka ovyo, alimtazama vizuri. “Ni ya nini, dada?”

“Ya kazi.”

“Bote banasemaka ni ya kazi,” akasema yule wa kwanza.

Nyiransengimana akamimina kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Moto wa bluu ukakaa juu ya kijiko bila moshi. “Hii haina maji,” akasema. “Lakini dada, Modeste atajua kabla hujafika kwako.”

“Najua atajua. Jaza.”

Akarudi kwa barabara ileile. Akafunga kitambaa kwenye kijiti, akakilowesha, akasafisha. Alisafisha prosesa mpaka maandishi yake madogo yakasomeka, akasafisha chuma, akasafisha kila kona, na mochari ikanuka kilabu. Kisha akachukua kibomba cha Bob akakikamua. Hewa. Akakamua tena kwa vidole gumba viwili. Hewa tena, halafu kikatoka kimkia cha kijivu, kifupi, chembamba, kikaanguka katikati ya prosesa na kukaa hapo.

Punje moja ya mchele.

Hakukuwa na zaidi. Émérance akaitazama ile punje kwa chuki. Kama ingekuwapo nyingine angeiongeza, tuseme kweli. Hata hapo angeiongeza. Lakini hakuna kilichobaki ila kufanya kama alivyoambiwa. Akalaza chuma. Akakaza skurubu hii, na ya kona nyingine, hii, na ile, msalaba, kisha akakaza kwa nguvu mpaka kiwiko kikatetemeka, akaisikia ile dawa ndogo ikilala chini ya chuma. Akawasha. Nusu saa. Saa moja. Feni ilikuwa inapumua kama mtu aliyelala. Akaiacha mpaka wanafunzi walipotoka, akaizima kwa mkono wake.

Alhamisi asubuhi Mchungaji Modeste alikuja kwake. Alikuja na heshima, peke yake, akakubali kiti, akakataa chai, na kwa kule kukataa chai Émérance akajua.

“Mama shemasi, kuna maneno batu banasema.”

“Ni ya kweli.”

“Hujasikia bado ni maneno gani.”

“Nimenunua kanyanga kwa Nyiransengimana. Chupa moja. Mchana. Unaweza kuandika.”

Modeste akajikuna shingo. Walikuwa wametoka mkoa mmoja, na mkewe alimzikia Émérance mtoto. “Ulikunywa?”

“Unanijua toka lini?”

“Basi ni jambo dogo. Jumapili utasimama, utasema niliteleza, batu batasema amina, tunaendelea na wimbo.”

“Sikuteleza. Nilitembea.”

“Mama Émérance. Sheria inasema kununua.”

“Najua inasema nini. Mimi njo nilisema iandikwe hivyo.”

“Sasa si uone? Wale bamama batatu ulibaweka nyuma, leo baniuliza, na yeye?”

Wawili kati ya wale watatu walinunua ya kunywa, na walitubu wakilia. Wa tatu alisema ameinunua ya kumkandia mume aliyeanguka, na hakuna aliyemwamini, na Émérance ndiye aliyekuwa wa kwanza kutomwamini. Jambo hilo lilipita kichwani mwake, likamchosha kuliko jembe.

“Nitakaa nyuma,” akasema. “Kutubu sitatubu. Kosa silioni, na Mungu akiniuliza nitamwambia ilienda yote kwa kitambaa. Lakini Ancilla, yule wa mume aliyeanguka, mtoe nyuma. Yule tulimwonea.”

“Hilo tutaliongea kwa baraza.”

“Liongeeni.”

Mchungaji aliondoka na kofia mkononi. Mpaka leo Émérance hajatubu, na mpaka leo anakaa benchi la nyuma, anaimba kwa mdomo uliofungwa.

Ijumaa saa mbili kamili Mwalimu Nasani aliiwasha mwenyewe. Émérance akavuta kiti cha mbao mbele yake, akaketi. Saa tatu. Saa nne, wanafunzi wa darasa la sita wakaingia kuchungulia, akawaandikisha majina yao mmoja mmoja, kila mmoja akitaka jina lake liwe na herufi kubwa zote. Saa sita bati zilianza kulia kwa jua. Ndani ya mochari hewa ilikuwa ya kukatwa kwa kisu, na jasho lilimteremka Émérance mgongoni, na mashini ikaendelea kupumua. Saa nane lori likafika, na mwenye lori, mwanamume wa Mbarara mwenye haraka, akasimama mlangoni na kamba zake.

Saa nane na nusu kioo kikawa giza.

Mwenye lori akaanza kufungua kamba.

“Imejizima,” akasema Nasani kwa huzuni ya kweli. “Pole, nyabo.”

“Sikiliza,” akasema Émérance.

“Nimesema pole.”

“Sisemi unisikilize mimi. Sikiliza nje.”

Wakasikiliza. Kule sokoni kinu cha kusaga, ambacho hunguruma toka asubuhi mpaka jioni, kilikuwa kimya. Na redio ya kinyozi ilikuwa kimya.

“Umeme umekwenda Base Camp nzima,” akasema Émérance. “Utapakia na kinu?”

“Tulisema izimwe na mkono wa mtu,” akasema Nasani.

“Tulisema isijizime yenyewe. Hii imezimwa. Fungua ubavu, weka mkono kwenye chuma. Nasema weka.”

Nasani akafungua ubavu wa mashini, akanyoosha vidole kama mtu anayegusa sufuria ya mwenzake. Akagusa. Akaweka kiganja chote, akakiacha hapo. Kilikuwa na uvuguvugu tu, kama ubavu wa mbuzi.

“Mwalimu, mimi niko na safari,” akasema mwenye lori. “Napakia ama sipakii?”

Nasani alimtazama Émérance. Émérance alikuwa hajainuka kwenye kiti, na ilionekana wazi kwamba anayetaka kupakia mashini ile atalazimika kumpakia na yeye.

“Ngoja umeme urudi,” akasema Mwalimu.

“Ukirudi kesho?”

“Ukirudi kesho, nitamkuta hapa kesho,” akasema Nasani, na kwa mara ya kwanza akacheka kidogo. Akamgeukia mwenye lori. “Nenda, ssebo, bwana. Wiki hii hakuna chuma.”

Mwenye lori akatukana kwa kwao, akaondoka. Umeme ulirudi saa kumi na nusu. Kinu kikanguruma. Émérance akawasha, mashini ikaamka, na saa kumi na moja ilipogonga Mwalimu Nasani akanyoosha kidole kwenye kitufe.

“Toa mkono,” akasema Émérance.

“Saa imefika. Umeshinda.”

“Tulipoteza saa mbili. Sitaki mtu aseme nilipewa. Tutakaa mpaka saa moja.”

“Mama, mimi nimekwisha kukubali.”

“Wewe umekubali. Mimi bado.”

Basi wakakaa, mwalimu kwenye kona ya meza, Émérance kwenye kiti chake cha mbao. Mwalimu alimuuliza Uvira ni mji wa namna gani, akamwambia ni mji wenye ziwa na vumbi. Bati zikapoa, zikawa zinalia tena kwa kupoa. Saa moja ilipofika, mwanga wa nje ukiwa umebaki kidogo tu, Mwalimu Nasani akaweka kidole kwenye kitufe, akamtazama. Émérance akatikisa kichwa, ndiyo. Mwalimu akabonyeza. Mashini ikazimika, kwa mkono wa mtu.

“Kesho zimebaki tisa,” akasema Nasani.

“Kesho ni Jumamosi.”

“Basi Jumatatu. Nitatuma Mbarara dawa ya zote tisa.”

“Waambie kidogo inatosha,” akasema Émérance. Ilimuuma kulitamka.

Nasani akatoa ufunguo wa chumba mfukoni, akaunyoosha. Émérance akataka kuinuka kuupokea, akashindwa. Mgongo ulikuwa umekaza tangu asubuhi, kiuno kimekuwa kitu kimoja na kiti. Akajaribu tena, mikono juu ya magoti. Mgongo haukukubali.

“Nikusaidie, nyabo?”

“Niache kwanza,” akasema. “Weka ufunguo hapo mezani. Niache nikae.”